Bawa la Tatu

Barabara ya Doldol,
29 Aprili 2025

Kwako Mama,

Salamu nyingi kutoka huku matopeni. Goti linakusumbua bado na baridi hii? Mimi ni mzima wa mwili. Usishtuke kupata barua ya karatasi. Simu imezima, na hata ingekuwa na chaji, mtandao haufiki hapa. Anayekuletea ni Gure, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki. Hupita hapa kila Jumanne akitoka Doldol na mbuzi wa kuuza sokoni Nyeri, na kurudi Alhamisi; lori lake ni dogo, hupenya kando ya kilima.

Tulitoka kiwandani Kiganjo na mabawa matatu ya mtambo wa umeme wa upepo, kila moja juu ya lori lake. Mawili yalitangulia yakafika. Letu lilipovuka korongo, daraja likapasuka nyuma yetu, na usiku huo mvua ikabomoa kivuko cha mbele. Bawa lina urefu wa zaidi ya mita hamsini, Mama. Haligeuki, halirudi, haliendi. Dereva wetu Mutahi alifungua kichwa cha lori akapita nacho kando ya kilima, akaniacha na trela. "Karani, kaa na mzigo," aliniambia. "Nikichelewa sana ni siku tatu." Sasa ni wiki nzima.

Mimi ndiye niliyetia sahihi ya mzigo huu. Kanuni ya ofisi yetu ni kwamba karani haondoki mpaka mwingine aupokee. Bawa likiguswa nikiwa sipo, ni mimi nitakayeulizwa. Nimefunga turubai chini yake, ndipo ninapolala. Upepo ukivuma, bawa linanguruma kama ng'ombe anayeota. Dada yake Gure, Sahro, ana kibanda cha chai hapa karibu, kwa hiyo sitakufa njaa.

Tafadhali mwambie mkubwa wangu, Bwana Munene, nipo, na bawa ni zima.

Mwanao,
Theuri


Skuta, Nyeri
4 Mei 2025

Baba, wewe uliyebeba jina la baba yangu,

Nimepata salamu zako, na zangu pokea. Goti ni lile lile, linajua mvua kabla ya redio. Unakula? Unavaa soksi usiku? Wewe kifua chako nakijua tangu ukiwa mtoto.

Nilimngoja Munene nje ya kanisa. Amesema wakubwa wanajua, ati mashine ya kuinua mizigo inatafutwa. Basi tulia. Hata mimi nimekosa usingizi, lakini fikiria vijana wa hapa Skuta walio na digrii na wanauza viatu vya mitumba. Munene alikuingiza kazi kwa sababu nilimwomba mbele ya wazee wa kanisa. Ukitoroka mzigo wake, mimi nitaketi wapi Jumapili?

Na kiwanda kinakua, usikione hivyo. Wamefungua banda la tatu. Nusu ya kwaya yetu sasa wanatandika vile vitambaa vya kioo na kupaka gundi, wanakuja mazoezi wakijikuna mikono. Kiganjo hupati chumba cha kupanga. Kila mtu anaimba upepo, upepo. Wewe uko ndani ya hiyo bahati, Baba. Vumilia.

Nimekutumia sweta, blanketi na avokado. Zihesabu mbele ya Gure.

Mama yako,
Beth


Barabara ya Doldol,
13 Mei 2025

Mama mpendwa,

Asante kwa sweta, nimeivaa nikiandika. Avokado zilifika zote, na Gure amesema amekasirika sana kwa kuhesabiwa kama mwizi, kwa hiyo nimempa mbili. Pole kwa goti. Mimi nakohoa kidogo tu.

Hakuna mashine iliyokuja. Mbuzi wamezoea kivuli cha bawa, na wachungaji wakipita wananiuliza, "Ngamia wako mweupe bado hajaamka?" Nacheka nao, halafu nalizunguka kuangalia kama wamelikwaruza.

Jana Mutahi alikuja kwa pikipiki kuchukua koti alilosahau. Koti, Mama! Ndiye aliyeniambia. Mabawa hufanywa matatu matatu, yakapimwa uzito yawe kama ndugu wa tumbo moja. Moja likikosekana, mawili hayapandishwi. Sasa kiwanda kimetengeneza jingine la kulingana na yale mawili, wakalipitisha Isiolo, na mtambo tayari unazunguka. Maagizo ni mengi mno, kuunda bawa jipya ni haraka kuliko kungoja daraja.

Nikamwambia, "Basi lipokee wewe, utie sahihi, nirudi nyumbani." Akavaa koti lake. "Mimi? Karani, mimi ni dereva. Nikitia sahihi hapo, nitakayelala hapa ni mimi." Akawasha pikipiki akaenda.

Kwa hiyo hakuna anayelingoja tena. Nalinda kitu ambacho hakuna anayekitaka, na nikikiacha nitashtakiwa kukiacha. Naomba umuulize Bwana Munene kama ninaweza kurudi. Muulize polepole, asione kama nalalamika.

Mwanao,
Theuri


Skuta,
1 Juni 2025

Baba wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Si ugonjwa. Nilikuwa nangoja jibu la kukupatia, nisikuandikie hewa. Kikohozi kimeisha? Nimeweka dawa ndani ya soksi, chini ya mfuko.

Leo baada ya ibada Munene alikuja nyumbani mwenyewe. Alikunywa chai vikombe viwili, akasifu mandazi yangu, halafu akaniambia nifunge mlango. Sikiza vizuri. Ati bima hailipi bawa zima lililokwama tu. Likiwa limeharibika kabisa, inalipa. Sasa kampuni imeamua likatwe. Gure atakuletea grainda, ile mashine ya kukatia chuma, na jenereta. Kata vipande vitatu, upande na lori lake urudi nyumbani. Meza ya karani mkuu inakungoja, amesema kwa mdomo wake.

Nilimuuliza mbona asikuandikie yeye. Akacheka, ati wewe ni mwoga, barua ya mkubwa itakutisha, lakini mama utamsikiliza. Hapo hakukosea.

Mimi sipendi kitu kizuri kikatwe. Lakini ni mali yao. Mwenye ng'ombe akisema achinjwe, wewe mchungaji unabisha nini? Nimechoka kuangalia kitanda chako. Kata, urudi.

Mama yako,
Beth


Barabara ya Doldol,
10 Juni 2025

Mama mpendwa,

Natumaini umeamka vyema na goti limekupa nafasi. Kikohozi kimepungua, dawa niliiona.

Grainda ilifika Alhamisi pamoja na barua yako. Niliwasha jenereta, nikasimama mbele ya bawa. Watu wakaja kutazama, hata Sahro akaacha sufuria jikoni. Akasema, "Vumbi ya hiyo kitu itaanguka kwa majani, mbuzi wayale. Umeuliza mtu?" Sikuwa nimeuliza. Gure naye akanisogelea sikioni kwa sababu ya kelele.

"Nani amekutuma, karani?"

"Mkubwa wangu."

"Amekuandikia?"

"Mama ndiye ameniandikia."

Alicheka mpaka akashika kilemba. "Wallahi, mimi hata mbuzi wa jirani sichinji kwa salamu za mama ya mtu!"

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka kwa aibu. Halafu nikazima jenereta, kwa sababu kicheko kilipoisha niliona. Nimeisoma barua yako tena, Mama, kama ningesoma faili ya ofisi. Neno la kukata limo, na jina lililo chini yake ni Beth. Jina la mkubwa wangu halipo mahali pa sahihi. Watu wa bima wakija kuuliza, watakuta mkono wangu na mwandiko wako. Yeye watamkuta kanisani.

Sikukata. Lakini kukaa pia siwezi tena. Nimeogopa kuondoka mpaka woga umenichosha. Alhamisi Gure akirudi atashusha bidhaa za Sahro na kugeuza lori, nami nitapanda. Nikifukuzwa kazi, sawa. Barua yako nitaichoma kwa jiko la Sahro asubuhi hiyo, ili pasiwe na mtu yeyote wa kukuingiza katika jambo hili.

Usimwambie mtu. Nichemshie maji ya kuoga.

Mwanao,
Theuri


Skuta, jikoni
11 Juni 2025

Baba,

Salamu baadaye. Gure yuko kwa lango na injini inanguruma.

Usipande hilo lori.

Askari wawili wako sebuleni kwangu saa hii. Wamekuja kukutafuta, ati ulikata bawa la kampuni ukatoroka. Nikawauliza, lilikatwa lini? Mdogo akafungua kitabu chake akasema Jumatatu ya wiki jana, na aliyepiga ripoti ni Munene. Baba, grainda aliyoileta iliondoka hapa kwangu Jumatano, siku mbili baadaye. Mimi na Gure ndio tuliipandisha kwa lori. Alikushtaki kabla hajakupa hata kisu. Alikuwa na hakika utakata, kwa sababu ni mimi nimekuambia.

Niliwasomea barua yako, pale unaposema hukukata. Yule askari mkubwa akaniambia bila ubaya, "Mama, barua hata mwizi anaandika." Ni kweli. Lakini bawa la mita hamsini haliandiki uongo. Likiwa zima, maneno ya Munene yamekwisha. Ukiliacha hata usiku mmoja, litakatwa na mtu mwingine, na mkataji ataitwa Theuri.

Najua nimekulilia urudi. Najua ulikuwa umefunga mfuko. Sasa ni mimi tena ninakuomba ukae, na sijui kama utanisikiliza, wala sitakulaumu.

Barua yangu usichome, nakusihi kwa jina la baba yangu. Nitaisoma mwenyewe mbele yao, jina langu na yote, na nitawaonyesha kile kiti Munene aliketi akiniambia la kuandika. Yule mdogo ndiye ameketi hapo sasa, anakula mandazi.

Nimewaambia twende tukaone. Mkubwa akasema Doldol ni mbali na gari lao halina mafuta. Nikamwambia Gure atakuwa hapa tena Ijumaa na Jumamosi anarudi huko na lori tupu, na chai nitabeba kwa flaski. Amekuna kichwa, lakini hajakataa. Mimi nitapanda hata wasipopanda. Goti litajua la kufanya.

Alale Gure au Sahro karibu nawe. Asiliguse mtu bawa hilo, hata akija na barua. Hata ikiwa imeandikwa na mimi.

Kaa hapo, Baba. Ninakuja.

Mama yako,
Beth