Sahani ya Babirye

Jumapili, 26 Oktoba

Zamu ya asubuhi. Nimefuta meza, nimejaza sukari, nimebandika popo wa karatasi kwenye vioo vya mkahawa. Madam, mwenye mkahawa, anataka Ijumaa sote tuvae mavazi ya Halloween. Mimi nimepewa kofia ya mchawi. Mwaka wangu wa kwanza hapa Uarabuni, Jumeirah Lake Towers, nilivaa mabawa meusi, nikampigia mama video. Alikata simu, akafunga na kuniombea siku tatu. Siku hizi simwonyeshi. Ni kazi tu.

Chumbani Discovery Gardens tuko wanne. Nakato, Mganda anayelala kitanda cha juu yangu, ameweka sahani ya wali na maharagwe dirishani. Haigusi. Wiki ya pili sasa. Sipendi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sahani tena, na kikombe cha chai. Amesimama pale akinong'ona Kiganda. Nimewaambia wale wawili wengine, Wakenya wenzangu, kwamba anafanya uchawi. Yeye sikumuuliza kitu. Neno lilinijia mdomoni nikalitoa, kama jambo nililolishuhudia.

Jumanne, 28 Oktoba

Wenzangu wamempelekea msimamizi wa nyumba maneno yangu. Hataki matatizo. Khalas, yamekwisha, ahame leo. Nakato amefungasha begi moja. Alipofika mlangoni aligeuka kwangu.

"Ni chakula cha Babirye, pacha wangu. Alikufa mwezi uliopita. Arbab, bosi wangu, alininyima ruhusa ya kwenda kumzika. Tangu utoto tulikula sahani moja."

Nilijifanya nakunja nguo. Nguo zilikuwa zimeshakunjwa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimerudi kutoka zamu. Kitanda cha juu kitupu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Kofia kichwani tangu asubuhi. Watoto wa maghorofani wamepita na vikapu vyao kuchukua peremende. Mmoja aliniogopa akalia.

Yule mzee Mwairishi anayekuja kila siku kunywa chai aliicheka kofia yangu. Akaniambia sikukuu hii ilianzia kwao, kwa Waselti wa kale. Mavuno yamekwisha, baridi inaingia. Waliamini usiku huo wafu hurudi kutembelea nyumba zao. Wengine walivaa vinyago ili mizimu wabaya wasiwatambue. Mama yake, alisema, aliacha mkate na kiti kitupu karibu na moto.

"Kwa ajili ya kaka yangu," akasema. "Alikufa mdogo."

Nikamwambia hiyo ni mila nzuri sana. Nilimaanisha. Machozi yalinilengalenga.

Kisha nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nikaenda stoo, nikavua kofia, nikakaa juu ya katoni za maziwa. Mzungu kaniambia mama yake alimwekea marehemu mkate, nikaona ni upendo. Nakato kamwekea dada yake wali, nikamfukuzisha. Madam aliniita mara mbili ndipo nikatoka. Najionea aibu. Sijui nimeanza lini kuwa hivi.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimewaambia wenzangu kwamba sikuona uchawi wowote. Mmoja aliendelea kusuka nywele. Mwingine akauliza, "Si ni wewe ulituambia?" Ndiyo. Ni mimi. Nimekwenda kwa msimamizi. Kitanda kimeshapata mtu.

Nimempigia Nakato mara tatu. Ya tatu alipokea. Njoo Karama, nilikohamia, kesho saa nane mchana, akasema, na akakata.

Jumapili, 2 Novemba

Yuko chumba cha watu sita. Tulikaa kwenye kihoteli chini ya jengo lao. Nilimwambia nilimzushia. Nilikuwa nimeandaa sababu nyingi njiani. Sikutoa hata moja.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Siku ile ile."

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme.

Nikamuuliza Babirye alikuwa mtu wa namna gani. Alizungusha kikombe chake. Kisha akaanza. Alikuwa anashona sare za shule Masaka. Alikuwa na kicheko cha kuaibisha watu kanisani. Alichukia kuamshwa. Nakato aliongea karibu saa nzima, na mimi nilisikiliza, jambo ambalo sikulifanya wiki zote zile tukiwa chumba kimoja.

Alinisindikiza hadi metro. Akaniambia nifike salama. Safari hii hakuniita dada, kama alivyokuwa akiniita tukiishi pamoja.