Wiki Tatu za Kula Nimekaa

Jumatatu, 15 Aprili

Sukari yangu: sita nukta saba. Ikifika saba nina ugonjwa rasmi. Nesi Vika alinieleza huku akipiga miayo, kama mtu anayetaja saa.

Akauliza ninakula nini. Nikamjibu kwa moyo mweupe kwamba karibu sili. Asubuhi sina nafasi, mchana niko redioni, jioni nalisha watoto. Akauliza: na watoto wanabakisha nini?

Hapo ndipo nilipoona aibu. Jana tu: kingo za mkate za Maka. Nusu soseji ya Lupe, ilikuwa na nywele ya mwanasesere, nikaitoa. Uji wa Tali, ambao Tali alishautema mara moja. Bisikuti mbili na nusu za chini ya meza. Na mafuta yote ya nyama ya kondoo, kwa sababu Maka hayapendi. Vyote kwa kusimama. Nesi aliandika kitu kirefu kwenye kadi yangu. Mwandiko wake haueleweki, lakini mimi nimesoma neno "pipa".

Masharti: sahani moja, yangu peke yangu, nimekaa kitini, mara tatu kwa siku. Majani, samaki, na gimbi kipande kimoja – si mlima. Kutembea nusu saa. Na nusu saa nyingine kila siku ya kutomfanyia mtu yeyote jambo lolote. Hilo la mwisho nililicheka. Yeye hakucheka. Nirudi Jumanne, tarehe saba Mei.

Mama alikatwa mguu mwaka niliomaliza shule. Mwaka uliofuata tukamzika. Mimi nina miaka thelathini na minne, na mwanangu mdogo kabisa hajajua hata kuvaa viatu. Basi.

Daftari hili nalificha kwenye mfuko wa nepi. Mume wangu, Feleti, hajawahi kufika huko.

Jumanne, 16 Aprili

Asubuhi ya kwanza! Yai, majani ya kuchemsha, kipande cha gimbi. Nikavuta kiti. Nikakaa. Watoto wote watatu wakaacha kula wakanitazama. Lupe, ana miaka minne, akauliza kama ninaumwa.

Dakika nne. Kisha Tali akapanda kwenye paja langu na kutia mkono ndani ya yai. Lupe naye akataka gimbi langu, ingawa lake, la sufuria ileile, lilikuwa mbele yake. Nikainuka kutafuta kitambaa. Niliporudi, sahani ilikuwa nyeupe. Nikala mkate wa Maka. Nimesimama.

Nimewapa sheria mpya: hii ni sahani ya mama, usiguse. Tumeirudia pamoja mara kumi. Maka ana miaka sita, ameishika vizuri. Tali ana mwaka mmoja na ameipigia makofi.

Alhamisi, 18 Aprili

Saa moja asubuhi nilisoma matangazo ya vifo, kama kawaida yangu. Watano. Wawili kati yao ni wadogo kuliko mimi. Nikayasoma kwa sauti ile ile tulivu wanayoipenda wasikilizaji.

Saa nne, kipindi cha afya. Karatasi waliyonipa leo inawahusu akina mama wenye watoto wadogo! Wale kwa utulivu. Watafune polepole. Wasile mabaki. Nilikuwa nimesoma mpaka katikati nilipogundua nina kipande cha keki shavuni – ya Lupe, ya jana, nimeikuta kwenye mkoba. Sikuweza kuimeza wala kuitema. Nikasoma "tafuneni polepole" huku nikitafuna polepole. Mwenzangu Hola, anayeendesha mitambo, aliweka kichwa juu ya meza na hakukiinua mpaka wimbo ulipoanza.

Nusu saa yangu leo: sikuipata. Dakika sita, chooni. Vidole vya Lupe chini ya mlango muda wote.

Jumapili, 21 Aprili

Wifi Ilaisane amekuja kula chakula cha Jumapili. Niandike jambo hili kwa utaratibu.

Ilaisane ni dada mkubwa wa Feleti. Kwa wanangu yeye ni shangazi, na shangazi hapingwi. Akiamua Maka aitwe Jumatano, ataitwa Jumatano. Ameingia kwa mlango wa mbele, Feleti akatoka kwa mlango wa nyuma na sahani yake. Kaka na dada hawaketi wakachekeana sebuleni, ndivyo walivyolelewa. Kwa hiyo kila akija, mume wangu anakula chini ya mti wa mshelisheli na mbwa, kwa amani kamili. Mimi ndiye ninayebaki.

Tanuri la ardhini lilikuwa limejaa. Majani ya magimbi yaliyofungwa na nyama ya kopo na tui zito. Mbavu za kondoo. Wifi alinipakulia kwa mkono wake, na mkono wake haujui kidogo. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba leo nitakula kipande kimoja na majani. Akatazama sahani. Akatazama tumbo langu. Uso ukamlainika.

"Miezi mingapi?" akauliza.

Nikasema hapana, si hivyo. Akanipigapiga goti, akasema ataitunza siri.

Jumatatu, 22 Aprili

Nina mimba. Kanisa zima linajua.

Asubuhi nimekuta langoni beseni la magimbi, kuku mzima wa kuokwa na nepi za mtoto mchanga. Saa tatu mke wa katekista alileta mikate ya nazi kumi na miwili, bado ya moto. Hola akapiga wimbo redioni kwa ajili ya "mmoja wetu anayemngoja mgeni wa nne". Nilikuwa ndani ya chumba hicho hicho, nimeketi mbele ya kipaza sauti.

Feleti alirudi kutoka bandarini akiwa amenuna. Wapakiaji wenzake wamempongeza winchi kwa winchi. Anataka kujua kwa nini yeye awe wa mwisho kuambiwa. Nikamweleza habari ya nesi, na sita nukta saba. Nilikuwa sijamwambia. Akauliza mama yangu alianza na ngapi. Sikumbuki. Akachukua mkate wa nazi mkononi, akautazama, akaurudisha kwenye sahani. Kisha akaupeleka kwa mbwa. Yote kumi na miwili ameipeleka kwa mbwa! Nampenda. Ingawa mmoja angeweza kuniachia.

Jumatano, 24 Aprili

Nimetembea. Nusu saa, barabara ya pwani, saa kumi na moja jioni. Niliondoka peke yangu. Hatua hamsini baadaye Lupe alikuwa nyuma yangu, kisha Maka akisukuma kigari cha Tali, kwa sababu baba yao "anapumzisha macho". Lupe alikuwa akidondosha bisikuti njiani, kwa hiyo tulifuatwa na nguruwe. Nguruwe jike, na watoto wake saba. Tukawa mama wawili na familia zetu, kwa mwendo mmoja, hadi makaburini na kurudi. Yeye hakuonekana kuchoka.

Watu walitupungia mikono. Bibi mmoja akanifokea kutoka barazani kwamba hali yangu hairuhusu kutembea namna hiyo.

Jumapili, 28 Aprili

Nimemwambia wifi ukweli. Barazani, baada ya ibada. Kwamba sina mimba, nina sukari inayopanda, na sitaki kwenda alikokwenda mama yangu. Sauti ilinitetemeka, jambo ambalo halijanitokea hata nikisoma majina ya watu ninaowajua.

Alijipepea kwa upepeo wake muda mrefu. Kisha akasema: "Sukari kila mtu anayo. Ukianza kupima vitu, utapata vitu."

Akaendelea kwamba nikikonda watu watasema ukoo wa mume wangu haunilishi. Kwamba yeye alimpakulia hata mama yangu, kwenye msiba mmoja kabla sijaolewa, na mama yangu alimaliza sahani. Nilikuwa na majibu manne, mazuri yote. Nikaenda kuosha vyombo.

Aliacha mbavu za kondoo kwenye friji. Nimekula mbili. Tatu. Nimekaa, lakini.

Jumanne, 30 Aprili

Tali anatapika. Sijakaa. Sijala. Samaki wangu ameliwa na paka.

Ijumaa, 3 Mei

Jumapili hii ni Jumapili ya Watoto. Maana yake: nguo nyeupe mpya tatu, aya tatu za kukariri (moja kwa asiyejua kusema), na karamu. Wifi ameagiza panikeke mia mbili, zile za mviringo za kukaanga. Hakuuliza kama nina nafasi.

Nilikaanga saa nne nzima. Nilikula saba. Niliziita kuonja. Ya nane nilikuwa nayo mdomoni Maka alipoingia, akasimama mlangoni mikono kiunoni, akasema kwa sauti yangu kabisa: "Umekaa?"

Sikuwa nimekaa. Nikaitoa mdomoni.

Nikazima jiko, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Nusu saa kamili. Feleti alimalizia zilizobaki. Zake zina pembe. Nilitazama tu nguo zikicheza kwenye kamba. Sikumfanyia mtu yeyote jambo lolote. Mwanzoni nilihisi kama nimeiba. Baadaye nikahisi usingizi. Baadaye nikalia kidogo, sijui kwa nini, na ilikuwa vizuri tu.

Jumapili, 5 Mei

Ee Mungu wangu.

Kanisa limejaa mpaka madirishani. Watoto wote weupe kama mayai. Wifi kiti cha mbele, kofia kama sinia. Lupe alisema aya yake, akarudi akikimbia. Kisha Maka.

Tumefanya mazoezi mwezi mzima. Aya inahusu kushukuru kwa chakula, fupi, hata nguruwe yule ameshaijua. Maka akapanda mimbari. Akafungua mdomo. Hakuna kitu. Nilisogeza midomo yangu ili asome, hakuniona. Watu wakaanza kuguna kwa upole, kumtia moyo. Macho yalimjaa machozi. Ndipo akashika jambo pekee lililobaki kichwani, akalitoa kwa sauti kubwa, safi, ya kinabii:

"Hii ni sahani ya mama. Usiguse!"

Akainama, akashuka.

Kisha mtu mmoja upande wa wanakwaya akasema amina. Nadhani alisema kwa mazoea. Lakini kicheko kilichofuata! Mchungaji mwenyewe alijifuta macho kwa joho. Nilitamani sakafu inimeze. Tulipotoka, akina mama watatu wakanizunguka uani. Nilidhani wananicheka. Mmoja alitaka kujua, kwa kunong'ona, sahani yenyewe inakuwa na nini. Mwingine, mimi ninakula wapi nikitaka watoto wasinione. Yeye hula ndani ya kabati la nguo. Tukasimama tukizungumza mpaka magari mengine yote yameondoka.

Kwenye karamu wifi alinipakulia samaki na majani. Kipande kimoja cha gimbi. Hakunitazama. Nikajua amekasirika sana.

Jumanne, 7 Mei

Niko kliniki. Naandika kwenye benchi, wacha watazame.

Nimefika saa mbili kasoro, sijala tangu jana kama nilivyoagizwa, nambari kumi na tano mkononi. Mwisho wa benchi mwanamke mkubwa amejificha nyuma ya upepeo. Mkeka wa heshima kiunoni, kofia ya juzi. Wifi! Nikamwamkia. Akasema amekuja kunisindikiza. Nikatazama mkono wake: nambari kumi na nne.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kanga ya zamani, ndani ya soksi ya kiume.

Tulikaa. Mbele yetu mtoto alikuwa akilamba ukuta na hakuna aliyemkataza. Baadaye wifi akasema, akiuambia upepeo, kwamba ni kidonda kidogo, aligonga ngazi ya kanisa, tangu kabla ya Pasaka. Kwamba hakiumi. Kwamba hicho ndicho kilichomwogopesha, kwamba hakiumi.

Nikauliza kama Feleti anajua. Akaniangalia kama nimetukana. Atamwonyeshaje kaka yake mguu?

Walipoita kumi na nne hakusimama. Huyu ambaye mchungaji humpisha njia. Nikasimama mimi kwanza, nikamshika kiwiko, tukaingia wote wawili. Nesi Vika alifungua kanga bila kupiga miayo. Akatoka, akarudi na daktari. Daktari alipima, akatazama, akasema hospitali kuu leo hii, na pengine amewahi. Pengine. Nilimwomba alirudie neno hilo, akalirudia. Watamsafisha kila siku kwa wiki nyingi. Na chakula ndicho kitakachoamua nusu ya mambo. Yupo mtu nyumbani wa kusimamia chakula chake?

Wifi akanyoosha kidole kwangu. Hakuuliza. Amezoea.

Sasa tumerudi kwenye benchi, tunangoja gari la wagonjwa. Feleti nimempigia. Anakuja, atasimama nje, amesema, karibu na dirisha. Wifi ameutia upepeo kwenye mkoba. Uso wake bila upepeo ni mdogo kuliko nilivyodhani. Ameuchukua mkono wangu wa kushoto na hauachii, naandika kwa wa kulia, daftari linateleza gotini.

"Losa," amesema sasa hivi, "jioni tunakula nini?"

Miaka minane nimeolewa. Hajawahi kuniuliza hivyo. Huwa anatangaza.

Nesi anaita kumi na tano. Nesi anaita tena, kumi na tano, Losaline, na mkono wangu bado –