Daftari la Bi Harusi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla hujaketi, maana nakujua: ukishajinyoosha kwenye godoro la maonyesho hapo dukani kwa Mjomba, usingizi unakubeba na barua inaishia chini ya mto. Hujambo? Mjomba naye hajambo, na kile kifua chake kinachomsumbua nyakati za baridi kimetulia? Sisi huku tu wazima. Baba ni mtunza stoo wa hospitali akiwa kazini, na ni mtunza stoo wa nyumba akirudi. Juzi kafunga kufuli hata kabati la vikombe, tukanywea chai kwenye bakuli mpaka aliporudi. Mama anashona kama kawaida, ila mashine yake imeanza kelele, inasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Fundi wa mtaa wa pili kaja mara mbili kutaka kuifungua, na mara zote mbili Mama kamwambia asubiri kwanza.

Wiki iliyopita kwenye simu uliniuliza swali ukalicheka mwenyewe: hiyo roboti tunayoihangaikia kila Jumamosi, tunapata nini hasa? Kabla sijajibu akaingia mteja wa godoro la futi sita, ukakata. Nashukuru ulikata. Kwenye simu ningekujibu kimzaha, ungenitania kidogo, tungeagana hivyo hivyo kama siku zote. Kwa hiyo naandika. Barua ni ndefu, nawe hupendi kusoma vitu virefu, lakini hii naomba uimalize, hata kama ni kwa vituo.

Timu yetu ina watu wanne na chumba kimoja, kile cha nyuma ya maabara kinachowekwa madawati yaliyovunjika. Kina dirisha moja na soketi moja, kwa hiyo tunagombania mwanga na umeme. Anayetusimamia ni mwalimu wa fizikia, ambaye shule nzima inamwita Kwanini kwa sababu ndilo neno analolitumia kuliko salamu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akauliza nani ana bisibisi yake mwenyewe. Mkono ulionyooka ulikuwa wangu peke yangu. Ni ile bisibisi yako ndogo yenye mpini wa njano. Ndivyo nilivyoingia, Kaka, si kwa akili wala kwa alama za hesabu.

Roboti yenyewe usiifikirie kubwa. Ni kisanduku chenye magurudumu manne, mkono mmoja mbele wa kunyanyulia, na jicho chini ya tumbo linaloona mstari mweusi na kuufuata. Kazi yake ni kuchukua makopo sita madogo upande mmoja wa meza, kuyapeleka upande wa pili, na kuliweka kila kopo kwenye mraba wa rangi yake. Ina dakika mbili na nusu na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Tuliiita Bi Harusi, kwa sababu miezi ya mwanzo ilikuwa inakwenda hatua mbili, inasimama, inainamisha uso, na haijibu lolote mpaka isukumwe.

Sasa, tunapata nini? Nianze na yale mepesi. Mimi nimepata kushindwa kwenye mabishano, jambo ambalo nyumbani mlilijaribu miaka mingi hamkuliweza. Nilisimamia kidete kwamba mkono wa Bi Harusi uwe mrefu. Jumamosi tatu nzima nilisema peke yangu, na Jumamosi tatu nzima kila akinyanyua kopo anaanguka kifudifudi. Kwanini hakuniambia nimekosea. Aliniuliza tu kwa nini anaanguka, akaniacha na hilo swali, nikanuna, nikarudi, nikaukata mkono mwenyewe kwa msumeno. Kuna msichana tunayemwita Kimya, anayeiandikia roboti programu. Nilidhani anaringa, kumbe anafikiri. Siku hizi akisema subiri, wote tunasubiri, hata mimi kasuku wako. Na kuna kijana mrefu, jina lake la utani ni hilo hilo, Mrefu, mwenye mikono mikubwa na moyo wa haraka. Huyo utamsikia tena. Wa nne anatupimia muda kwa stopuwochi na kutuletea karanga, na bila yeye tungekuwa tumeshauana.

Halafu kuna daftari. Ni kubwa, la jalada gumu, na majaji wa mashindano hulisoma kabla hata hawajaiona roboti ikitembea. Nilipewa mimi kuliandika kwa sababu ya mwandiko wangu. Sheria zake Kwanini aliziweka mwenyewe: kalamu ya wino tu, hakuna kufuta, hakuna kuchana karatasi. Aliyeharibu kitu anasimama mbele ya daftari, anataja alichofanya, kilichotokea, kwa nini kilitokea, na nini kifanyike. Mimi naandika, yeye anatia sahihi. Mwezi wa kwanza watu walikuwa wananifuata pembeni kwa kunong'ona, wakiniomba niandike tu kwamba kitu kimevunjika, nisiseme nani kakivunja. Nilikuwa mkali kama hakimu. Niliwaambia daftari halina siri, na nikawakodolea macho mpaka wakatia sahihi.

Siku moja Mrefu alikuwa anaujaribu mkono wa Bi Harusi, kopo likanasa chini ya ukingo wa meza. Mkono ukagoma kupanda. Yeye akaona dawa ni kuendelea kubonyeza kitufe, akabonyeza, akabonyeza, mpaka moshi ukatoka na chumba kikajaa harufu. Kaka, ile harufu. Niliijua kabla hata sijageuka. Wenzangu walikimbilia kuchomoa betri, mimi nilibaki nimesimama na kalamu mkononi kama mtu aliyesikia akiitwa na marehemu.

Kwanini akauliza kwa nini. Kimya ndiye aliyejibu: mota ikizuiwa isizunguke huku umeme unaendelea kuingia, nguvu yote inageuka joto, na nyaya za ndani zinaungua. Si mota mbovu, akasema, wala si aliyeifungua jana akaipaka mafuta. Ni anayeshikilia kitufe wakati kitu kimekwama. Sijui kwa nini alitaja mambo ya mafuta. Nadhani alitaka tu kumtoa mashakani mwenzetu wa stopuwochi, ambaye ndiye aliyeipaka. Lakini mimi nililisikia neno hilo kama limetumwa kwangu. Mrefu alitaja, nikaandika, ukurasa wa thelathini na moja, akatia sahihi. Ajabu ni kwamba hasira za wenzake hazikumaliza dakika kumi. Wakaanza kukuna vichwa namna ya kumfundisha Bi Harusi ajisimamishe mwenyewe mkono ukikwama, na kabla ya kwenda nyumbani Kimya alikuwa ameshaandika programu yake. Mrefu akatoka anapiga mluzi. Mimi nilibaki nyuma, nikausoma tena ule ukurasa.

Mashindano yalikuwa Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi wa chuo, timu kumi na tisa, kelele tupu. Bi Harusi alipeleka makopo matano bila kosa. La sita likanasa ukingoni, vile vile kama siku ile, naye akasimama, akashusha mkono wake taratibu, akatulia. Tulikosa pointi zile, tukawa wa nne. Lakini kwa vile hakuungua, tulishangilia kama waliotwaa kombe, mpaka timu za jirani zikadhani hatujui kuhesabu.

Baadaye majaji waliketi nasi. Mmoja wao ni mama mmoja, fundi wa pampu za maji, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni. Alifungua ukurasa wa thelathini na moja akauliza ni nani huyu. Mrefu alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Akaulizwa maswali matatu, akayajibu yote, hakutazama chini hata mara moja. Yule mama akasema kazini kwake pampu ikiungua, watu wazima wenye familia zao wanatazama dari. Tuzo ya daftari ikaja kwetu. Akaniita mimi nikaipokee, kwa sababu mwandiko ni wangu, akanishika bega mbele ya ukumbi mzima akasema mkono huu ni wa watu wasioficha. Wakapiga makofi. Nilikwenda chooni na cheti changu, nikajifungia, nikalia hadi nikasikia wenzangu wananitafuta.

Kaka, mashine ya Mama niliiunguza mimi.

Naliandika kama tunavyoandika kwenye daftari, na silifuti. Nilichofanya: ilikuwa Jumatano, wewe hukuwepo, Mama alikwenda kumpima mteja. Nilikatazwa kuketi kwenye mashine, nikaketi. Nilitaka kujishonea mkoba kwa kipande cha jinzi, nikakikunja mara nne. Sindano ikanasa, gurudumu likagoma, nami nikakanyaga kwa nguvu zaidi, nikadhani nikikanyaga itapita. Kilichotokea: moshi. Nikachomoa waya, nikaing'oa jinzi, nikaifunika mashine na kitambaa chake kama nilivyoikuta, na kile kipande nikakitupa kwenye jaa la majirani. Nilinawa mikono mara mbili. Kwa nini sikusema: niliogopa. Sina sababu nyingine, nimeitafuta miaka miwili sijaipata.

Jioni yake Mama aliketi na zile sare arobaini za shule, mashine ikawa imekufa, haikufufuka mpaka ilipowekwa mota nyingine. Wewe jana yake ulikuwa umeifungua kuipaka mafuta. Wiki iliyotangulia ulikuwa umeifungua redio ya Baba. Baba hakuhitaji shahidi. Alisema mkono unaojulikana humu ndani ni mmoja. Uliapa mpaka sauti ikakukauka. Akakuambia usiguse tena kitu chochote chenye skrubu katika nyumba yake, akakusanya vifaa vyako vyote, akavifungia kwenye sanduku juu ya kabati. Ukasema huwezi kuishi mahali ambapo neno lako halina uzito, na Jumapili ukaondoka kwenda kwa Mjomba. Mimi nilikuwa mlangoni. Mimi unayeniita Kasuku kwa sababu sifungi mdomo, siku hiyo nilikuwa bubu. Ukanipa bisibisi ya njano, ile iliyosalimika kwa kuwa mfukoni mwako, ukaniambia niitumie isishike kutu.

Tangu hapo nimekuwa nikijidanganya kwamba nilikuwa mtoto wa miaka kumi na tatu, kwamba wewe kule una raha, kwamba magodoro yanauzika. Mtu aliyeweza kuitengeneza pasi kwa uma wa mezani, leo anashinda kwenye duka lisilo na skrubu hata moja. Ni mimi niliyekupeleka huko. Nimejawa na aibu, Kaka, na aibu hii si ya kuandika kwa uzuri.

Baba na Mama nimeshawaambia. Jumapili mchana niliwaketisha, nikashindwa kusema, nikawasomea kutoka kwenye karatasi. Mama alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, ndipo akalia. Alisema kinachomuuma ni kwamba na yeye aliamini ni wewe. Baba aliomba karatasi aisome mwenyewe. Akaisoma mara mbili. Nilitamani anigombeze, hakunigombeza. Alivuta kiti, akapanda, akalishusha sanduku lako juu ya kabati. Ufunguo ulikuwa kwenye shada lake la funguo, ameutembeza miaka yote miwili. Akaketi sakafuni akawa anafuta bisibisi moja moja kwa pindo la shati lake, hata Mama alipomwita chakula hakuinuka.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Tunachopata, au ninachopata mimi, ni kwamba nimemwona mtu akisema ni mimi, na paa halikuanguka. Nilihitaji kuliona kwa macho. Ningeliona mapema, wewe ungekuwa nyumbani.

Sikuombi unisamehe haraka. Kasirika kadiri unavyotaka, ni haki yako, na kama hutaki kunijibu mwaka mzima nitaelewa. Naomba kitu kimoja tu: Baba akipiga simu, pokea. Hajui aanzie wapi, utamsikia anakohoa kohoa, usikate.

Mfikishie Mjomba salamu zangu, na umwambie ukweli huu naye aujue, kwa maana nasikia hata yeye huwa anakuficha pasi usije ukaifungua. Mama anakusalimu na machozi bado yapo. Mrefu na Kimya hawakujui lakini wanakusalimu. Wamekuwa wakiazima bisibisi yako miezi minane. Nimebakiza nafasi hapa chini, Baba kaniomba.

Ni mimi, mdogo wako,
Kasuku

Mwanangu,
Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Nimelisema mbele ya mama yako na mdogo wako, nitalisema tena mbele yako. Mashine ya mama yako inasaga. Yule fundi nimemwambia asije tena. Sanduku lako lipo mezani, halina kufuli.
Baba