Kijiwe cha Milimita Tano

Jumatatu, 3 Juni
Lita ya kwanza ya maji kabla ya kuanika kahawa. Ya pili kabla ya saa sita. Mkojo wote napitisha kwenye chujio la zamani la chai. Hakuna kitu. Mume wangu, Baba Koku, yuko kibanjani anapunguza majani ya migomba. Tangu duka lake lihamie Murongo mpakani, huku Nyabiyonza tunamwona Krismasi na misibani. Sasa ni wiki ya pili analala nyumbani. Nalishukuru jiwe la figo. Mungu anisamehe.

Jumatano, 5 Juni
Kliniki. Daktari kaeleza tena, taratibu. Jiwe ni dogo, limeshateremka kwenye mrija. Naweza kusubiri kwa maji na dawa. Mengi ya ukubwa huu hutoka yenyewe. Au Mwanza, lipasuliwe kwa mawimbi kutoka nje, bila kisu, ila huenda nikarudia. Au huko huko lisagwe kwa leza kupitia njia ya mkojo. Hiyo humaliza mara moja, lakini nitalazwa usingizi na kuachiwa mpira ndani siku kadhaa. Homa ikija, nisisubiri hata saa moja. Likitoka, lipelekwe likapimwe.

Baba Koku anataka leza. Nimechagua kusubiri. Wameniona jasiri. Jasiri wapi. Likitoka tu, anarudi Murongo.

Jumamosi, 8 Juni
Limetoka alfajiri. Dogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Nimelificha nyuma ya kopo la majani ya chai. Nimemwambia bado. Kanimenyea ndizi mwenyewe. Nina aibu na nina furaha.

Jumanne, 11 Juni
Kapata gari la Mwanza, Alhamisi. Eti hawezi kuniona nikiumia tena. Nikalazwe kwa jiwe lililoko jikoni! Njia ya mwongo ni fupi.

Jumatano, 12 Juni
Nimeliweka kwenye kisosi, pembeni ya chai yake. Kaliangalia sana. Akauliza lini. Jumamosi, nikasema. Nilitaka ubaki.

"Mama Koku, si ungesema tu."

"Nimesema miaka minne."

Chai ikapoa.

Ijumaa, 14 Juni
Kaondoka na bodaboda asubuhi. Jiwe kalitia mfuko wa shati, alipitishe kliniki. Majibu ataleta mwenyewe, kasema. Siku hakutaja.

Nimegeuza kahawa. Lita ya pili naimalizia mlangoni.