Jibu la Mama kwa Raymundi

Kigwa, Tabora
15 Julai 1958

Mdogo wangu mpendwa Raymundi,

Barua yako imenifikia, na shikamoo yako naiitikia kwa mkono huu, marahaba. Natumaini ile homa uliyoitaja imekuacha na umerudi kwenye meza yako ya kuchorea. Hapa Kigwa asubuhi zina baridi kali, Mama hatoki nje mpaka jua lipande, lakini ni mzima na anakula. Pelagia mke wangu naye ni mzima, anakusalimu. Karanga tumeshavuna. Mimi nimepata kazi ya kujenga madarasa mawili Isikizya, na kuta zimefika usawa wa madirisha.

Umeniandikia kwamba umeshika shauri la kwenda chuo cha Nairobi na kukiacha cha Uingereza, na kwamba barua ya kuwakataa Waingereza utaipeleka posta mwisho wa mwezi huu. Umenishukuru pia kwa kukuandikia jibu la Mama. Kwa ajili ya shukrani hiyo nimekaa wiki tatu bila kukujibu.

Nianze na mambo ya Krismasi. Ulipokuja likizo ulisema vyuo vinataka mchoro wa nyumba ya kwenu, ukachagua tembe la Mama, lile nililomjengea kwa mikono yangu. Nilipanda juu ya dari la udongo nikashika ncha ya kamba, nikakutajia futi na inchi, wewe ukaandika. Uliniuliza kwa nini ukuta wa nyuma ni mnene kuliko wa mbele, nikakueleza. Uliniuliza boriti zinabebaje uzito wa udongo wakati wa masika, nikakueleza hilo nalo, mpaka jioni. Nilifurahi siku ile, sitakuficha.

Halafu mwezi wa Aprili ukatuletea barua yako, na ndani yake nakala ya maneno ya wale Waingereza. Walisema watakupa nafasi ya kusomea shahada ya usanifu wa majumba, na kwamba aliyechora tembe lile ni mtu anayejua nyumba inavyosimama. Maneno hayo niliyasoma mara nyingi, Raymundi. Nilikwenda nayo kazini mfukoni. Anayejua nyumba ile inavyosimama ni mimi. Wewe ulikuwa umeshika penseli tu. Ndivyo nilivyojiambia, nikichanganya udongo, nikipima ukuta kwa timazi, nikila chakula changu.

Kuna jambo jingine. Miaka yote nimekuambia kwamba niliacha masomo ili wewe upate nafasi. Sikuacha. Nilifanya mtihani wa kuingia shule ya Tabora nikaanguka, na baada ya miaka saba ukaufanya wewe ukapita, tena juu ya wote wa hapa. Baba alijua, na kwa huruma yake akaniachia niseme nilivyotaka. Sasa watu wakipita Isikizya wakaona ukuta wangu umenyooka huniuliza kama ni Raymundi aliyenichorea. Mwaka huu peke yake wameniuliza mara tatu. Mimi hucheka nao, wakishaondoka naubomoa mstari mmoja wa matofali na kuujenga upya bila sababu.

Jumapili iliyopita alikuja Mahona, yule gadi wa treni, baada ya kukutembelea huko Dar es Salaam. Mama alimkaribisha uji, akamuuliza habari zako. Mahona akamwambia amshukuru Mungu kwa kupata mtoto msikivu, kwani umekubali kubaki karibu kama alivyokuagiza. Mama akaweka kata chini. Akauliza, “Nani alimwagiza abaki karibu?” Mahona akasema ni yeye mwenyewe Mama, kwa barua. Mama aligeuka akanitazama mimi, na Pelagia naye akanitazama, na Mahona akaanza kutafuta kofia yake.

Raymundi, barua ile ya Mei haikuwa ya Mama. Nilimsomea yako yote, hilo nililifanya kwa uaminifu. Akanipa jibu lake neno kwa neno, nami nikiwa na kalamu mkononi nikaandika lingine. Kwamba macho yake yanafifia, kwamba anaogopa kufa bila wewe kumzika, kwamba Nairobi ni karibu lakini Uingereza ni mbali: hayo yote ni yangu. Macho yake yanaona mpaka reli. Nilijua ukiisoma hiyo hutakwenda. Nilijua pia, kwa barua yako mwenyewe, kwamba shahada unayoitaka iko Uingereza. Sikuwa na nia ya kukuzuia usisome kabisa. Nilitaka usome kidogo, urudi upesi, uwe mtu ambaye bado anahitaji kuniuliza juu ya boriti.

Mama hakunipigia kelele. Alisema tu kwamba tangu Baba afariki mimi ndiye kinywa chake kwako, na sasa hajui ni mangapi mengine hukuyasikia. Nimemwapia kwamba ni hilo moja. Hajasema kama ananiamini. Ameamuru niandike barua hii, na nikimaliza Pelagia aisome yote kwa sauti mbele yake kabla haijafungwa. Mahona atapanda nayo treni kesho, akukabidhi mkononi.

Sikuandikii kwamba wivu umekwisha. Hata sasa, nikifikiri utakavyoshuka siku moja kwenye steshini hii na shahada yako, roho inaniuma, na sijui itaacha lini. Lakini usiwapelekee Waingereza barua ile. Ichane.

Jibu la Mama la mwezi wa Mei ni hili, sikuongeza wala sikupunguza:

“Mwambie aende huko mbali. Baba yangu alikwenda pwani na misafara mara nne, amebeba pembe kichwani, nikamngoja. Baba yenu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita ya Wajerumani, nikamngoja. Kungoja nakujua. Asinifanye mimi sababu ya kubaki. Na akifika huko asiwaambie watu kwamba nyumba yangu ni ya kimaskini, awaambie ni nani aliyeijenga.”

Wasalimie jirani zako wote wanaotujua. Ukiona inafaa kunijibu, nijibu. Ukiona haifai, mwandikie Mama, na Pelagia atamsomea.

Ni mimi kaka yako,
Nikolaus

Shemeji Raymundi, nimemsomea Mama barua hii mara mbili. Amesema ndiyo, hayo ni maneno yake. Ameniambia nami nikuandikie kwamba kaka yako hajala tangu juzi, na kwamba ukijibu, ujibu upesi.
Pelagia