Kiwambo cha Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Projekta imefika. Mwanangu ameituma kutoka huko aliko, ikiwa imeviringishwa ndani ya sweta zake kuukuu kama yai. Nilidhani chombo cha kutoa picha pana kama ukuta kingelingana na jiko. Hakizidi kamusi yangu kubwa.

Alipiga simu jioni. Baba, usiimulike ukutani, ukuta wenu una mawimbi. Tafuta skrini nzuri, Mama aone. Nikamwambia neno ni kiwambo. Akasema, haya, Baba, tafuta kiwambo kizuri, Mama aone.

Mama aone — hapo ndipo penye kazi. Mke wangu ameingiwa na doa katikati ya macho. Pembeni anaona: mlango, meza, paka akipita. Akimtazama mtu usoni, uso hutoweka na masikio hubaki. Daktari wa macho amesema doa halirudi nyuma. Litatanuka, na kasi yake haijui. Kitu kikiwa kikubwa sana, na weusi wake ukiwa mweusi kweli, ukingo wa jicho unaweza kukidaka.

Mjukuu wetu anajifunza kuketi. Katika simu bibi yake hajapata kuona zaidi ya blanketi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda katika duka la vifaa vya sinema za nyumbani. Muuzaji ni mtu mnene, mcheshi, mwenye kutembea kwa vidole kana kwamba watu wamelala. Ametundika vitambaa vitatu: cheupe, cha kijivu, na kimoja cha fedha kinachometameta.

— Hii nyeupe, mzee, ni kitu kubwa.

— Kitu kikubwa, nikamwambia.

— Kabisa, mzee. Kubwa sana.

Nikaacha. Vita vingine mtu huviona kwa mbali akapita njia nyingine.

Akazima taa. Mto ukashuka mwambani mbele yangu, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikarudi nyuma nisilowe.

Nikamuuliza chombo hiki hutoaje rangi nyeusi. Akacheka. Hakitoi, mzee. Hakuna mwanga mweusi. Pale unapoona peusi, ni pale ambapo projekta haijatupa kitu. Unachokiona ni kitambaa chenyewe.

Nimeketi na jambo hili jioni nzima. Maisha yangu yote nimetazama picha, na sikujua kwamba nywele za watu na mboni za macho yao ni mahali palipoachwa. Ndiyo maana, alisema, chumba kikiwa na mwanga kitambaa cheupe hakina weusi wowote wa kukupa. Cha kijivu kinao kidogo, ila hupunguza ung'avu. Cha fedha hung'aa mno, lakini humpendelea aketiye katikati. Akanishauri ninunue cheupe, pamoja na mapazia mazito.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemweleza mke wangu habari ya mapazia. Alikuwa akichambua mchele kwa vidole, uso ameuelekeza dirishani.

— Giza ninalo la kunitosha, Mwalimu. Usininunulie jingine.

Nikamwambia basi tuchukue cha fedha, naye asogeze kiti katikati ya chumba. Akasema kiti chake kiko penye mwanga, na kutoka pale anajua njia ya kila mahali. Akihamishwa katikati atakuwa mgeni nyumbani kwake. Halafu akaniuliza kama muuzaji alinishukuru kwa kumfunza upatanisho wa kisarufi. Sijui nani amemwambia. Ananijua tu.

Basi kitambaa kitatazamwa mchana, katika chumba chenye nuru, na mtu aketiye pembeni, mwenye jicho linaloona ukingo tu. Muuzaji nilipompigia simu alivuta pumzi ndefu. Akasema, mzee, wewe hutaki skrini, unataka muujiza. Hata hivyo atakuja Jumanne na vipande vyake tuvijaribu papa hapa.

Nimempigia pia fundi seremala. Kitambaa kinahitaji fremu ya kukiwamba. Nimemwambia wazi: nataka kiwambo sebuleni, ukuta wa mashariki, aje na mbao.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi amekuja na mbao nyingi mno. Mbao pana, za kupanga dari! Akaanza kupima sakafu.

— Mama atabaki upande wa dirisha au wa mlango? akauliza.

— Abaki vipi?

— Si umesema kiwambo? Nikajua mnagawa chumba. Akashusha sauti. Hutokea, mzee. Watu wakishaishi pamoja miaka mingi, kila mmoja hutaka pumzi yake.

Mke wangu alicheka hata akashika mlango. — Mpe upande wa mlango, fundi. Huyo ndiye wa kutoka!

Nimefungua kamusi. Kiwambo ni kitu kilichowambwa, na kiwambo ni ukuta mwembamba wa kugawa chumba. Sote wawili tulikuwa sahihi, na sebule imejaa mbao.

Nilitaka azirudishe. Mke wangu akapapasa ubao mmoja, akauliza kimo chake, akasema, hebu simamisheni hapa, ubavuni mwa dirisha. Tukausimamisha, na wa pili, na wa tatu. Nuru ikaendelea kumwangukia yeye kitini. Ukuta wa mashariki ukaingia kivulini, taratibu, kama mtu anayeinamisha kichwa.

Fundi alitazama ukuta, akatazama dirisha, kisha akaomba misumari.

Jumanne, 11 Machi

Naandika haya mezani huku mambo yakiendelea.

Muuzaji amekuja na vipande viwili. Cha fedha amekiacha dukani. Fundi ametengeneza fremu, na wamewamba cheupe upande wa kulia na cha kijivu kushoto, vimekutana katikati. Video ya mjukuu tumeimulika juu ya vyote viwili. Uso wa mtoto umejaa ukuta. Shavu moja ni la maziwa, la pili ni la majivu. Kope zake ni ndefu kama kalamu yangu. Mimi, ambaye nimemwona katika simu kila wiki, sikuwa nimemwona.

Mke wangu alikuwa kitini. Aligeuza kichwa pembeni, kama kuku anavyoitazama punje. Akatulia.

— Ana nyusi za baba yangu, akasema.

Moyo wangu haukutulia. Hilo kila bibi hulisema juu ya kila mtoto. Tena yeye ni mwema. Anajua mwanangu amejinyima ili chombo hiki kifike. Nikamtazama muuzaji. Muuzaji akatazama viatu vyake.

Sauti tulikuwa tumeizima. Nikamuuliza, mtoto anafanya nini sasa?

— Anatafuta chafya.

Nilitazama. Sikuona chafya yoyote. Niliona mtoto ametulia.

— Bado, akasema. Bado anaitafuta. Haya —

Mtoto akapiga chafya, ukuta mzima.

Fundi amekaa chini sakafuni, nyundo mapajani. Muuzaji aliuliza kwa unyenyekevu: mama, umeiona kwenye nyeupe au kijivu? Akasema, rudisha. Amerudisha. Akauliza tena. — Usinisemeshe, mwanangu. Rudisha.

Sasa amesimama. Amefika kwenye fremu, na nusu ya paji la uso la mtoto imeangukia mtandio aliojitanda kichwani. Ananyoosha kidole pale pua inapoanza. Kidole kimekosa, kimegusa shavu. Hajui kwamba kimekosa, au anajua. Muuzaji amenitazama, nami nimetikisa kichwa, anyamaze.

Amesogea kushoto, kwenye kijivu, akageuza kichwa. Sasa anarudi kulia. Anasema turudishe tena, polepole, kuanzia pale mtoto anapovuta pumzi.