Duka la Tabu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na uzigawe: zako, za wifi, na za huyo mdogo ambaye bado hajui kuwa ana shangazi. Natumaini barua hii itawakuta nyote mna afya, na kile kikohozi chako kimeshaona aibu kikakuacha. Huku tunaendelea. Mimi ni mzima, ila uchovu nilio nao si wa kulala siku moja ukaisha. Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Kuta za nyumba yetu unazijua, hazitunzi siri, na haya ninayotaka kukueleza yanahitaji niyapange polepole.

Nianze na habari njema. Mradi wangu wa mwisho wa chuo umekwisha. Wewe uliwahi kuniuliza ni masomo gani hayo ya kucheza na karatasi, nami nikanuna badala ya kukujibu. Ni hivi. Unakata umbo kwenye kadibodi, unalilaza mezani chini ya kamera, unapiga picha. Unalisogeza kidogo sana, unapiga tena. Sekunde moja ya filamu inakula picha kumi na mbili. Ukipiga chafya mezani, umeharibu, rudi nyuma. Ndiyo maana mtu anaweza kuinama kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi, na alichovuna ni kijitu cha karatasi kilichonyanyua mkono kikajikuna sikio. Shingo yangu sasa inalia kama bawaba ya mlango.

Nilifanya na mwenzangu wa darasani tunayemwita Gundi, kwa sababu vidole vyake havijawahi kugusa kitu vikakiachia. Filamu yetu inahusu bango. Juu ya duka moja pameandikwa DUKA LA VITABU. Herufi V na herufi I, ambao ni mapacha, wamechoka kusimama juani, basi alfajiri moja wanaruka chini na kwenda kutembea. Bango linabaki DUKA LA TABU. Watu wa mtaani wakilisoma wanasema, alhamdulillah, hatimaye pamefunguliwa mahali petu. Wanaanza kuingia na tabu zao: mama ambaye mumewe anakoroma mpaka vyombo vinacheza kabatini, mzee mwenye jirani mwenye jogoo asiyejua saa, bwana harusi aliyesahau sura ya mchumba. Mwenye duka, aliyekaa miaka akiuza vitabu viwili vitatu, anajikuta na foleni inayozunguka kona. Mapacha wanaporudi wamechoka na matembezi wanaambiwa wasimame nyuma ya foleni, nao wataeleza yao.

Meza za chuoni zina vita, kwa hiyo tulihamia karakana ya baba. Tulisogeza makopo ya rangi, tukafunga kamera kwenye ngazi yake fupi, naye akahamishia kiti chake mlangoni. Nilidhani angetufukuza siku ya pili. Wapi! Alikaa pale mchana kutwa akitusikiliza tukibishana, akicheka peke yake, mara anauliza sasa nani ameingia dukani, mara anataka kujua mapacha wamefika wapi. Gundi alipokuwa anatafuta mtu wa kuigiza sauti ya mwenye duka, akamwomba baba. Baba alisema yeye si mchekeshaji wa watoto. Baadaye kidogo akakohoa, akasafisha koo, akauliza anatakiwa aseme nini. Tulimwandikia maneno, karatasi akaiweka mfukoni bila kuitazama, akasema tumsomee tu, kichwa chake bado kinashika. Kisha akatuongezea lake ambalo hatukuliandika. Mteja wa kwanza anaingia akilia, na mwenye duka anamuuliza kwa heshima zote, “Karibu. Tabu yako ni ya jumla au ya rejareja?” Gundi alicheka hadi tukarekodi upya.

Sasa, wakati huohuo kazi za baba nazo zikawa zinaniangukia mimi. Alisema kiganja kinamuuma. Kila asubuhi kabla ya filamu nikawa napanda ngazi kuandika mabango ya watu: kinyozi, muuza mbao, fundi viatu. Yeye anashika ngazi chini, anaongea na mwenye duka, anapokea sifa. Kaka, nilinung'unika. Nilimwambia wazi kwamba baba unakubali kazi kwa mdomo wako na kuzilipa kwa mgongo wangu. Akanijibu kwamba mkono wangu umeshaupita wake siku nyingi, na fundi mwenye akili hashindani na mwanafunzi aliyemshinda. Mimi mjinga nikavimba kichwa, nikaacha kuuliza.

Halafu kikaja kifungashio. Mwalimu wetu tunamwita Toa Sekunde, maana hakuna filamu aliyoiona asitake sekunde kadhaa zitoke. Yeye alitaka kila mradi ukabidhiwe ndani ya kasha lililotengenezwa kwa mkono, na mtu akilishika tu ajue ndani kuna hadithi gani. Nilipofika hapo nilikuwa nimebaki ganda. Nilikuwa tayari kuitia flashi yenye filamu kwenye bahasha, nikubali maksi zipungue, nikalale. Baba akasema, lete kadibodi.

Tulitengeneza makasha ya umbo la kitabu, moja la mwalimu na mengine ya kuwapa wageni wa maonyesho. Uti wa kitabu tuliufanya kwa kitambaa cha pazia kuukuu, ndani tukaacha kitanda kidogo cha flashi, na pembeni yake wakalala V na I wa kadibodi, wamefunikwa shuka la karatasi laini. Kukata na kubandika ilikuwa kazi ya baba, kupaka rangi na kuandika ilikuwa yangu. Hakutaka rula. Alipima kwa shibiri na vidole, akapitisha kidole gumba kwenye kila ukingo kabla ya kuweka gundi, kisha akakandamiza kwa mgongo wa kijiko akihesabu pumzi. Pembe zake zilikutana kama midomo iliyofumbwa. Nilimtazama nikajiambia, huu ndio ufundi wa zamani, hauhitaji vyombo.

Kasha moja tu lilienda kombo, nalo ndilo la mwalimu. Jalada lilibandikwa maandishi yakiwa kichwa chini. Nilipomwonyesha, baba alilishika, akacheka akasema kitabu cha tabu hakiwezi kukaa wima. Gundi ilikuwa imeshakauka na mimi nguvu za kulifanya upya sikuwa nazo. Nililikabidhi hivyohivyo. Toa Sekunde aligeuza kasha, akageuza kichwa, akageuza tena kasha, akawaita walimu wenzake akawaambia huo ndio ubunifu anaoupigia kelele kila siku. Nilishukuru nikatazama chini.

Siku ya maonyesho ilikuwa alasiri. Baba alivaa lile shati lake la mistari na viatu alivyoving'arisha mwenyewe. Njiani aliweka mkono begani mwangu, nikafurahi, nikaona mzee anajivunia binti yake. Ukumbi ulijaa wazazi. Nilikaa upande wake wa kushoto, na upande wake wa kulia alikaa mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi mwingine. Gundi alikuwa nyuma kwenye kompyuta.

Filamu ikaanza. Jina likatokea, bango likatokea, na hapo picha ikaganda. Sauti ikaendelea kama kawaida, lakini ukutani palikuwa na bango tu, DUKA LA VITABU, halisogei. Watu wakaanza kunong'ona na kugeuka kumtazama Gundi, ambaye nilimsikia akibonyeza vitu huku anamwita Mungu. Mimi niliinuka nusu. Ndipo baba alipocheka. Sauti yake ilikuwa imefika kwenye jumla na rejareja, naye akajipiga goti akacheka kwa raha zote, macho yameelekea mbele. Nikadhani anacheka ili kunistahi, nisiaibike. Nikakaa tena. Ikafika sehemu ya mwisho ambayo haina maneno, ni nyayo za mapacha tu, tulizozipata kwa kugonga maharage mezani. Baba akainama kwa yule mama wa kulia akamwambia kwa furaha, “Sasa tazama, tazama hao wanavyorudi.”

Hapakuwa na aliyekuwa anarudi, kaka. Ukuta ulikuwa na picha moja tu. Yule mama alimtazama baba, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama mikono yake.

Gundi alifaulu, akaianzisha filamu upya tangu mwanzo, na safari hii ikaenda vizuri na watu wakacheka mpaka kuta zikaitika. Baba alishtuka kusikia muziki wa mwanzo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mbona wanairudia? Imewapendeza?”

Nikamwambia ndiyo, baba, imewapendeza.

Sikuiona filamu yangu. Nilikaa nikimtazama yeye, na yote niliyoyaona miezi ile yakawa yanageuka mbele yangu moja baada ya jingine. Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje, watu wakipita kunipa mkono na kunipongeza, nami nikingoja waishe. Walipoisha nikamuuliza anaona nini. Alidhani nauliza kuhusu maksi. Nikamuuliza tena, baba, mimi hapa unanionaje? Akageuza uso upande wa sauti yangu. Akasema anaona mwanga, na mbele ya mwanga kuna kivuli, na kivuli hicho anajua ni mimi kwa sababu kinanuka rangi.

Ni presha ya macho. Imemla taratibu, na alipokwenda hospitali, peke yake, alikuwa ameshachelewa. Daktari alimweleza kwamba kilichokwenda hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Chupa ya dawa anaificha kwenye kopo la brashi, mahali ambapo anajua mimi siwezi kushangaa kumwona akipapasa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema nilikuwa na mradi, na mtu haangushi mzigo wake juu ya mtu aliyebeba yai. Nikamuuliza, na kaka je? Hapo aliinama akafuta viatu vyake kwa kiganja. Kisha akasema mtoto aliyeondoka kwa hasira harudishwi kwa huruma, afadhali hasira, yenyewe ina uti wa mgongo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwanao alipozaliwa ulinitumia picha zake nimwonyeshe babu yake. Nilimpa simu mkononi. Aliishika muda mrefu, akasema “haya,” akanirudishia. Nami nilikuandikia vilevile, kwamba amesema haya, nikidhani ukweli mtupu ndio haki yako. Ukanijibu kwamba hutatuma tena, na umetimiza. Kaka, hakumdharau mwanao. Alikuwa ameshika kioo chenye mwanga. Aliposema haya alikuwa anajizuia asiniulize mtoto anafanana na nani.

Sasa ameniuliza. Palepale kwenye benchi nilimfungulia zile picha nikamweleza moja moja: huyu amelala kwenye taulo la njano, hapa ananuna, hapa wifi amembeba na nywele zake zimesimama kama brashi mpya. Akataka kujua masikio. Nikamwambia masikio ni yake yeye, kwa bahati mbaya. Alicheka, kisha akaacha kucheka, na tukakaa hapo mpaka mlinzi alipokuja kufunga geti.

Lipo na langu. Toa Sekunde amenitafutia nafasi ya mwaka mmoja kwenye studio ya katuni, mbali, kwa safari ya siku nzima. Wanataka jibu mwezi huu. Baba anasema niende, atajipikia, atajipaka dawa, mtaa unamjua. Anasema hivyo huku anamimina chai pembeni ya kikombe. Mimi nataka kwenda. Naiandika sentensi hiyo bila kuipaka rangi ili uione ilivyo: nataka kwenda, na nimechoka, na siwezi kumwacha peke yake. Sikuiti uje unipokee zamu kana kwamba wewe huna maisha. Nakueleza tu kwamba ule mlango uliofikiri umefungwa ulikuwa umeshikwa na mtu asiyeona kitasa.

Sikuandika kwa kificho. Jana nilimwambia nitakueleza kila kitu, nikangoja anikataze. Alikuwa anaosha brashi ambazo hazikuwa chafu. Aliziosha zote, akazipanga, akaniuliza barua inakwenda lini. Nikamwambia kesho. Akasema kama ni hivyo nimwongezee neno lake, na nisilirembe.

“Mwambie asilete picha. Alete mtoto.”

Basi, kaka, nimelifikisha. Msalimie sana wifi, umwombe radhi kwa niaba yangu kwa ukimya wa huku ambao haukuwa dharau. Mbusu mdogo kwenye hayo masikio. Mimi naweka kalamu, kuna fundi viatu ananingoja na bango lake, na asubuhi imekwisha kwenda.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda